Jina la Kweli na Sura ya Kuazima

Suala ninalotaka kulijadili hapa ni la zamani, nalo halijapata jawabu moja: mtu aichukuaye hadithi ya mwenzake akaitia katika chombo kingine, ana deni gani kwa yule aliyeitunga? Wafasiri twaishi na suala hili kila tunaposhika kalamu. Washairi nao walijua tangu tungo zao zilipoanza kutiwa muziki na kughanwa na watu wasiowafahamu. Lakini zama zetu zimelipa suala hili uzito mpya, kwa kuwa chombo kinachopokea hadithi aghalabu si karatasi tena bali ni televisheni, na televisheni ina kasi ambayo karatasi haikupata kuwa nayo. Kitabu huingia nyumba moja moja, kwa kuazimwa na kununuliwa. Televisheni huingia mitaa kwa mitaa, usiku mmoja.

Suala hilo lina mwenziwe, ambalo ni dogo kwa umbo ila lina ncha. Je, ni haki kuihukumu kazi kwa taswira ya kwanza inayotuingia moyoni? Wahenga walituonya kwa mfano wa mkakasi, ambao uzuri wake u nje na ndani ni kipande cha mti. Onyo hilo hutumiwa juu ya kizuri kinachoficha upungufu, lakini lafaa pia kutukumbusha kwamba jicho ni shahidi mwenye haraka. Hulisimulia liliyaona kabla akili haijauliza ni nini.

Nitayatazama masuala yote mawili kwa mfano mmoja wa kweli, nao ni mfano wa mbali: riwaya za fantasia za mwandishi wa Kimarekani, Ursula K. Le Guin, na filamu ya televisheni iliyotokana nazo mwaka 2004. Nimeuchagua kwa sababu wenye mgogoro wote wamesema hadharani, na kwa sababu ndani ya riwaya hizo mna visiwa, bahari na majina, mambo matatu ambayo msomaji wa jarida hili hahitaji kufundishwa.

Le Guin alizaliwa Berkeley, California, mwaka 1929, akafariki Portland, Oregon, Januari 2018. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia mashuhuri, na nyumba aliyokulia ilijaa habari za watu wa asili wa Marekani, lugha zao na ngano zao. Mwaka 1968 alichapisha riwaya iitwayo A Wizard of Earthsea. Zikafuata The Tombs of Atuan mwaka 1971 na The Farthest Shore mwaka 1972. Kisha, baada ya kimya kirefu, Tehanu mwaka 1990, na vitabu viwili vya mwisho mwaka 2001. Vitabu hivyo vyote vimo katika ulimwengu mmoja wa kubuni, nao ni ulimwengu wa visiwa mamia, usio na bara. Watu wake husafiri kwa matanga, hufanya biashara kutoka bandari hadi bandari, na mwenye chombo humwajiri mjuzi wa upepo kama aajirivyo baharia. Nguvu ya ajabu katika ulimwengu huo haiko katika fimbo wala hirizi. Imo katika jina.

Kila kitu kina jina lake la kweli, katika lugha ya kale ambayo haisemwi sokoni, na alijuaye jina la kitu ana uwezo juu yake. Binadamu pia ana jina hilo. Hupewa anapovuka utoto, halitamkwi ovyo, na huambiwa yule tu ambaye mtu yuko tayari kumwachia uhai wake. Shujaa wa riwaya ya kwanza alizaliwa katika kisiwa cha Gont akaitwa Duny na mama yake. Wenziwe wakamwita Sparrowhawk, yaani Kipanga, kwa sababu ndege wa mwituni walimjia alipowaita. Alipotimiza miaka kumi na mitatu, mjuzi aitwaye Ogion alimvusha maji ya mto uliokuwa baridi, akamnong'oneza jina lake la kweli, Ged. Tangu siku ile dunia ikaendelea kumwita Kipanga, na jina la Ged likawa siri yake na ya wachache.

Kijana huyu ana kipaji kikubwa na kiburi kikubwa zaidi. Shuleni katika kisiwa cha Roke, kwa kutaka kumshinda mwenziwe mbele ya watu, anafungua mlango usiofaa kufunguliwa, na kutoka humo kinatoka kivuli kinachomwandama kisiwa baada ya kisiwa. Anakikimbia mpaka anachoka. Kisha, kwa nasaha ya Ogion, anageuka na kuanza yeye kukiandama. Wanapokutana mwisho wa bahari, kila mmoja anamwita mwenziwe kwa jina, na jina ni moja. Kivuli kinaitwa Ged. Hakuna vita katika kisa hicho wala jeshi la waovu la kuteketezwa, ila mtu aliyekubali kwamba ubaya aliouachia duniani ulikuwa na jina lake.

Jambo jingine limo humo, nalo mwandishi hakulipigia zumari. Ged ana ngozi ya rangi ya shaba, kahawia iliyoiva. Rafiki yake mkuu, Vetch, ni mweusi sana. Watu wa visiwa vingi hivyo ni weusi au wekundu wa udongo. Weupe ni Wakargi wa mashariki, wakali wenye nywele za manjano, ambao mwanzo wa riwaya wanakishambulia kijiji cha Duny, naye anawapoteza kwa ukungu. Le Guin hakuyasema hayo katika ukurasa wa kwanza. Aliyadondosha kidogo kidogo, hata msomaji mweupe wa Marekani ya 1968 akajikuta amekwisha kuvaa roho ya shujaa kabla hajaambiwa ngozi yake. Alikwisha eleza kwamba aliyafanya hayo kwa makusudi, kwa kuwa hakuona sababu ya watu wote wa hadithi za ajabu kuwa weupe ilhali wengi wa walimwengu si weupe.

Sasa tuje kwenye filamu. Desemba 2004, stesheni ya Marekani iitwayo Sci Fi Channel ilionesha kisa hicho kwa siku mbili, kikiwa kimetolewa katika riwaya mbili za mwanzo. Mwongozaji alikuwa Robert Lieberman na mswada uliandikwa na Gavin Scott. Shawn Ashmore aliigiza Ged, Kristin Kreuk aliigiza Tenar, Isabella Rossellini aliigiza kuhani mkuu wa Atuan, na Danny Glover aliigiza Ogion. Mimi niliitazama kwa mara ya kwanza miaka mingi baadaye, vitabu nikiwa nimekwisha visoma na kurasa kadha nimekwisha zifasiri kwa kujifunza, kwa kuwa sikupata mwalimu wa fani hii isipokuwa kamusi na vitabu vya kuazima.

Taswira ya kwanza haikuwa mbaya, na insafu yataka niiseme. Ukungu ulikuwa ukungu, vilima vilikuwa vilima, na sauti ya Glover ilikuwa na ule utulivu wa mtu ambaye hana haja ya kuonesha anachokijua. Lakini kabla dakika nyingi hazijapita niliona mambo mawili. Kijana aliyeletwa mbele yangu ni mweupe, na rafiki yake Vetch vilevile, na wengi wa watu wa visiwa hivyo ni weupe, Glover akiwa peke yake mweusi miongoni mwa wakuu wa mchezo. La pili, kila mtu alikuwa akimwita kijana huyo Ged. Waandishi wa filamu waliyapindua majina: Ged wakalifanya jina la mtaani, na Kipanga wakalifanya siri anayonong'onezwa na Ogion. Baadaye akazuka mfalme wa Wakargi mwenye majeshi, atafutaye uhai usiokoma, na kisa kisichokuwa na vita kikapata vita.

Siku chache baada ya filamu kuoneshwa, Le Guin aliandika makala katika jarida la Slate. Alieleza kwamba aliuza haki za vitabu vyake, kwamba katika mkataba aliitwa mshauri, na kwamba cheo hicho hakikumpa uwezo wowote. Alilalamika hasa juu ya rangi. Kwa hiyo hoja ya mwanzo ya watetezi wa filamu yatokana na maneno yake mwenyewe: aliuza. Mwenye kuuza nyumba hana ruhusa ya kurudi kumwambia mnunuzi asipake kuta rangi aitakayo.

Hoja hii ni nzito mbele ya hakimu, na sidhani kwamba mbele ya hakimu ingeshindwa. Lakini haki ya karatasi si haki yote. Anayenunua nyumba hulipa ili awe mwenyewe, na baada ya hapo hakuna anayeingia humo akidhani yuko kwa mwenye nyumba wa zamani. Anayenunua haki ya kuigiza riwaya hulipa kwa sababu ya kinyume chake: ataka watu waingie wakidhani wako kwa mwandishi. Jina la Le Guin na jina la kitabu ndivyo vilivyonunuliwa, kwa kuwa ndivyo vilivyopendwa na watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtu hawezi kulipa fedha kwa ajili ya imani ya wasomaji, kisha akasema kwamba imani hiyo haimhusu. Kitu cha namna hiyo hata kikinunuliwa hubakia amana.

Hoja ya pili ni tamu zaidi, nayo husemwa kila filamu inapokasirisha wasomaji: kitabu kiko palepale rafuni, hakuna herufi iliyofutwa, basi nani kadhuriwa? Kwa aliyekwisha kukisoma jawabu ni kweli. Mimi filamu haikunipokonya kitu. Ged wangu alikuwa na ngozi ya shaba kabla ya filamu na anayo hata leo. Lakini tumfikirie yule ambaye hajasoma. Kitabu humwachia msomaji kazi ya kuchora uso. Televisheni huuchora ikauweka wazi mbele yake, na uso ukishaingia moyoni ni vigumu kutoka. Akikifungua kitabu baadaye, atalisoma neno la rangi ya shaba na jicho lake la ndani litaendelea kumwona kijana wa filamu. Herufi hazikufutwa, ila zimefunikwa.

Na katika hao wasiosoma yuko mmoja ambaye dhara yake ni kubwa kuliko ya wengine. Ni mtoto mwenye ngozi ya Ged, awe California au Mombasa, ambaye katika hadithi zote za mashujaa wenye fimbo na majoka alizowahi kuzitazama hakupata kujiona isipokuwa katika sura ya mtumishi au ya adui. Kulikuwa na kitabu kimoja kilichomwandalia kiti, bila ya hotuba na bila ya kumhurumia. Filamu ilipofika ikamwondoa kitini akakaa mwingine, na mtoto hakuambiwa kwamba kiti kilikuwa chake.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa mimi na kila mfasiri, kwa hiyo sitaipitia mbio. Yasema: hakuna ahamishaye asiyebadilisha. Nakiri kwamba ni kweli, na ushahidi wake uko mezani kwangu. Kiingereza kina neno wizard, na jina la riwaya ya kwanza limesimama juu yake. Nikiandika mchawi, msomaji wangu atamwona mtu wa usiku anayedhuru watoto wa jirani, na shujaa atakuwa amekwisha kuhukumiwa kabla hajazaliwa. Nikiandika mganga, kutazuka tunguri na mitishamba. Nikiandika mwanachuoni, msomaji atasubiri darasa. Hatimaye niliandika mjuzi, nalo ni neno safi lakini limepoa. Kivuli nacho kina shida yake: katika nchi ya jua kali kivuli cha mwembe ni rehema, wala hakiogopwi. Yanibidi niyaweke maneno mengine pembeni yake ili kitishe. Kwa upande wa pili, lugha yangu yanipa zawadi ambayo Kiingereza hakina, kwani kipanga kwetu ni ndege na pia ni mwanafunzi hodari darasani, na Ged ni vyote viwili.

Fasihi yetu yenyewe imejengwa kwa uhamishaji. Bwana Mwengo wa Pate, mtunzi wa Utendi wa Tambuka unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, alizichukua habari za maghazi zilizokuwa kwa Kiarabu akazipa mizani na vina vya Kiswahili. Sayyid Aidarusi aliifasiri Hamziyya ya al-Busiri. Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri mchezo wa Shakespeare mwaka 1969 akauita Mabepari wa Venisi, aligeuza mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza kuwa mabepari wengi wa Kiswahili, na msomaji aliyekishika kitabu hicho katika Tanzania ya miaka ile aliingia mlangoni akiwa na fikira ambayo Shakespeare hakumpa. Ikiwa hao wote twawaheshimu, kwa nini tuwalaumu watu wa televisheni?

Nadhani jawabu lahitaji tutenganishe nguzo na pambo. Kila kazi ina mambo ambayo ukiyaondoa nyumba yabaki, na ina mambo ambayo ukiyaondoa nyumba yaanguka, hata kama kuta zitasimama siku mbili tatu. Mfasiri mwaminifu ana ruhusa juu ya pambo. Juu ya nguzo hana.

Tuyapime majina kwa kipimo hicho. Riwaya ya kwanza imesimama juu ya tofauti ya jina la mtaani na jina la kweli. Vetch anapomwambia rafiki yake aliyefedheheka jina lake la kweli, Estarriol, anampa zawadi kubwa kuliko mali, kwa kuwa anamwekea uhai wake mkononi wakati ambapo hakuna mwingine anayemwamini. Sisi wa Pwani jambo hili latuingia kwa wepesi. Mitaani kwetu mtu huishi kwa lakabu miaka sitini, na wengi husikia jina alilopewa na wazazi wake siku linapotangazwa la kuzikwa. Katika filamu jina ambalo kivuli kitakuja kulitamka mwisho wa bahari limekwisha kutamkwa na kila mtu tangu mwanzo. Ule mkutano wa mwisho, ambapo mtu anaita na anaitwa kwa jina moja la siri, hauna tena kitu cha kufichua. Nguzo imeondoka.

Rangi ni mtihani mgumu zaidi, na hapa ndipo watetezi wa filamu wana haki ya kusikilizwa. Shujaa akiwa mweupe kisa chaendelea. Kiburi kinabaki kiburi, kivuli kinamwandama, bahari inavukwa. Hakuna tukio hata moja linaloanguka. Basi je, rangi si pambo?

Ingekuwa pambo lau hadithi ingekuwa ni matukio yake tu. Lakini hadithi ni tendo pia. Yamfanyia msomaji kitu. Tendo la riwaya hii lilikuwa kumkaribisha msomaji wa kila rangi aingie ndani ya mtu wa rangi ya shaba, kimya kimya, na kumwacha humo mpaka azoee, huku wale waliozoea kuwa kitovu cha kila kisa wakioneshwa kwa mbali, kama wageni watokao ng'ambo na mapanga. Ukiiondoa rangi, matukio yote yatabaki na tendo halitabaki. Kuna nguzo zionekanazo ukumbini, na kuna msingi uliozikwa ardhini ambao mgeni hauoni. Mwandishi aliuzika makusudi. Kutoonekana kwake hakukuwa ruhusa ya kuufukua.

Hapo pana tofauti ya kweli baina ya kalamu na kamera, na si kosa la mtu. Kalamu yaweza kunyamaza. Yaweza kusema mvulana akapanda mlima, na ikaacha ngozi yake kwa sura ya tatu. Kamera haiwezi kunyamaza juu ya uso. Haina budi kuuonesha tangu picha ya kwanza. Kwa hiyo filamu isingeweza kuhamisha ile siri ya Le Guin hata ingetaka, ila ingeweza kuhamisha ukweli ambao siri hiyo iliulinda. Chombo kilipowalazimisha waseme mapema, ilikuwa juu yao kusema kweli. Taswira ya kwanza ndiyo mahali ambapo mwongozaji ana mamlaka zaidi kuliko mwandishi, na kwa hiyo ndiyo mahali ambapo deni lake ni zito zaidi.

Lipo jambo la mwisho, nalo kwangu ndilo kiini cha lawama. Kabla ya filamu kuoneshwa, mwongozaji alisema hadharani kwamba mwandishi hakushiriki katika utengenezaji, na papo hapo akasema kwamba wao walikuwa waaminifu kwa vitabu, akaeleza hata kile ambacho mwandishi alikusudia. Le Guin, aliyekuwa hai na mwenye sauti, alijibu kwamba asisemewe. Tuulinganishe mwenendo huo na jambo la miaka miwili baadaye. Mwaka 2006 studio ya Kijapani Ghibli ilitoa filamu ya katuni kutoka katika vitabu hivyohivyo, ikiongozwa na Goro Miyazaki. Nayo ilibadilisha mengi, na Le Guin hakuridhika nayo yote. Lakini alipoulizwa na mwongozaji mwenyewe kama ameipenda, alimjibu kwamba hicho si kitabu chake bali ni filamu yako wewe, na kwamba ni filamu nzuri. Mabadiliko peke yake, basi, hayakuwa yaliyomuumiza. Aliweza kumwachia mtu mwingine kazi yake ikiwa mtu huyo atakubali kuitwa mwenyewe.

Watunzi wetu wa tendi waliyajua haya bila ya mkataba. Desturi yao ilikuwa kumwambia msikilizaji kwamba kisa hiki nimekikuta chuoni kwa Kiarabu, nami nimekitia katika Kiswahili; na mwisho kuwaomba wajuzi wasahihishe palipokosewa na kutia jina la mtunzi katika beti za tamati. Kwa beti chache hizo msikilizaji alijua kilicho cha asili na kilicho cha mkono wa mtunzi, na akajua wa kumlaumu. Nyerere naye alitia jina lake juu ya tafsiri, na ajuaye historia ya nchi ataelewa neno mabepari limetoka wapi. Ubaya ni kubomoa beti na kuiacha tamati. Mimi nimewahi kulisikia shairi langu likighanwa hadharani, beti mbili zimeondolewa na neno moja limegeuzwa maana yake, kisha jina langu likatajwa kwa heshima kubwa. Heshima hiyo ndiyo iliyoniuma, kwa kuwa wasikilizaji walipeleka neno lile kwangu.

Turudi basi kwenye lile suala dogo. Taswira ya kwanza si hakimu wa kutosha. Atazamaye dakika kumi akafunga hana haki ya kutoa hukumu, na mimi nilitazama mpaka mwisho kwa sababu hiyo. Lakini taswira ya kwanza ni shahidi ambaye hafai kufukuzwa mahakamani. Katika dakika zile za mwanzo iliniambia mambo mawili, sura na jina, na saa zilizofuata hazikuyakanusha, ziliyathibitisha. Tena wengi wa watazamaji hawatapata taswira ya pili. Kwao ile ya kwanza ndiyo kitabu, na ndiyo mwandishi.

Nayasema haya nikiwafikiria vijana wa visiwani na mwambao ambao siku hizi wana kamera mikononi, na ambao siku moja, naomba iwe karibu, watazitia tendi zetu na riwaya zetu katika televisheni. Wabadilishe, hakuna awezaye kuhamisha bila ya kubadilisha. Ila kabla ya kubadilisha wajiulize kama wameshika pambo au nguzo, na wakiishika nguzo kwa makusudi, wawe na ujasiri wa kutia majina yao penye tamati.

Kuuliza nako ni nusu ya amana, ikiwa mwenyewe yuko hai. Katika miaka yake ya mwisho Le Guin alifanya kazi na mchoraji Charles Vess, aliyechora picha za kitabu kikubwa kinachokusanya visa vyote vya visiwa vile. Mchoraji alikuwa akimpelekea michoro, naye akimjibu, na kazi hiyo ikawachukua miaka. Kitabu kilitoka mwaka 2018, miezi michache baada ya mwandishi kufariki, ikiwa ni miaka hamsini tangu riwaya ya kwanza. Ndani yake Ged ni mtu wa rangi ya shaba.